Taa ya Kushoto Barabara ya Laela

Anayedhani foleni ni ya Dar es Salaam peke yake, na aje barabara ya Sumbawanga kwenda Laela msimu wa kuuza mahindi. Malori yamejazwa magunia mpaka turubai limetuna, yanapanda mlima polepole kuliko mtu anayetembea, na nyuma yake kuna mabasi, matrekta, mikokoteni ya ng'ombe na sisi wa pikipiki, kila mmoja na haraka yake. Lami yenyewe ina njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Hakuna ya tatu. Hilo nalisema kwa makusudi, maana wapo watu wanaoamini ya tatu ipo na wamejengewa wao.

Ili tusiuane, tumejiwekea desturi. Dereva wa lori anaona mbele. Wewe uliye nyuma yake huoni kitu ila magunia. Kwa hiyo yeye ndiye jicho lako. Akiwasha taa ya kulia, tulia, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, njia ni nyeupe, pita, na ukishapita umpigie honi fupi ya asante. Desturi hii haimo kwenye kitabu cha sheria, najua. Pale mlimani kuna mstari mweupe usiokatika, hilo nalo najua. Lakini kila mtu hupita kwa taa hiyo, na gari la polisi nimeliona kwa macho yangu likipita kwa taa hiyo hiyo na kupiga honi ya asante vizuri kabisa.

Sikatai kwamba sisi wa pikipiki tuna vichaa wetu. Wapo vijana wanaojipenyeza kati ya matairi kama panya ghalani, na wakikwaruza gari la mtu wanakimbia. Mimi si wa hao. Ni fundi seremala wa Malangali, hapa Sumbawanga, nina mvi, na pikipiki yangu hubeba mbao na familia.

Siku hiyo nilikuwa nimembeba mama. Dada yake, mama yangu mkubwa, alikuwa amefariki kijijini kwao, jirani na Laela, na mazishi yalitangazwa kuwa saa nane mchana. Katika ndugu wa tumbo moja walikuwa wamebaki wao wawili tu. Tangu wakiwa wasichana waliahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamtupia udongo kabla ya mtu mwingine yeyote. Haikuwa mila ya Wafipa wote. Ilikuwa ahadi yao wenyewe, na mama aliitaja asubuhi hiyo akinywa uji, akaitaja tena akifunga kilemba.

Basi hakulitaka, kwa sababu mabasi nayo yalikuwa yakikwama mlimani. Alivaa masweta mawili, maana upepo wa Ufipa mwezi wa saba hauna adabu, akapachika helmeti juu ya kilemba, akakaa upande na kikapu cha ulezi wa kupeleka msibani mapajani. Akaniambia niende taratibu lakini nisichelewe. Mama ndivyo alivyo.

Mlimani tukakuta lori la mahindi na foleni yake. Tulisogea hadi nyuma ya lori, tukasubiri. Taa ya kulia ikawaka, nikatulia, basi likashuka na kutupita. Kisha ikawaka ya kushoto. Nikatoka, nikaanza kulipita, na nilikuwa usawa wa mlango wa dereva niliposikia honi nyuma yangu. Lilikuwa shangingi jeusi, taa zote zimewashwa mchana kweupe. Lilikuwa limeruka foleni nzima, na sasa lilitaka kutupita hata sisi tuliokuwa tunapita. Lilitaka pale pale tulipokuwa.

Dereva wa lori alikanyaga breki ili nipate pa kuingia. Mungu ambariki popote alipo. Nilikata mbele yake, pikipiki ikayumba, tukaishia kwenye changarawe kando ya lami. Mama hakuanguka. Kikapu kilianguka, na ulezi ukimwagika kwenye changarawe hauokoteki. Aliutazama, akasema twende, dada ananisubiri.

Juu ya mlima, nyuma ya kichaka, walikuwa wamesimama trafiki watatu. Niliwaona wakilipigia shangingi saluti. Kabla mkono haujashuka vizuri, mmoja wao akatuonyesha sisi tusimame. Nikasimama. Hakuniuliza leseni wala habari. Alinyoosha mkono, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

Hakuna kitu kinachonichefua kama mkono wa mtu mwingine kwenye ufunguo wangu. Angeniandikia kosa langu, ningelichukua na kwenda zangu. Lakini ufunguo ni wa nini? Na yule aliyemwaga ulezi wa msiba, ambaye mlimpigia saluti, ufunguo wake uko wapi? Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia nimepita penye mstari, nisijifanye najua sheria, nikae pembeni nisubiri mkubwa wao aje.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hawakumwamkia mama. Vijana watatu, umri wa wajukuu zake, na bibi mwenye kilemba cha msiba amesimama mbele yao kwenye upepo. Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Marahaba, wajukuu zangu," akasema.

Wawili wakaangalia chini. Yule mwenye ufunguo akasema bibi akae kwenye jiwe lile. Mama hakukaa. Alimweleza, kwa sauti ya chini, habari ya dada yake na ile ahadi. Yule kijana akajibu kwamba kila anayesimamishwa ana msiba.

Baada ya muda lile lori likafika juu. Dereva alisimama, akashuka, akasema yeye ndiye aliyeniwashia taa, njia ilikuwa nyeupe, na mwenye makosa ni yule aliyekuja kwa nyuma. Akaomba walau amchukue mama. Trafiki akamuuliza kama siku hizi yeye ndiye anayeongoza magari, na kwa nini ameziba barabara mlimani. Alimwamuru aondoke saa ile ile, la sivyo naye aache ufunguo. Dereva alitutazama, akapanda, akaondoka. Nilibaki na hasira, na mama akanishika kiwiko kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Mkubwa hakuja. Jua lilishapita utosini zamani wakati simu ya yule kijana ilipolia. Aliongea kidogo, akaniletea ufunguo, akasema siku nyingine nijifunze. Hakuandika kosa lolote. Basi kama kosa halikuwepo, nilikuwa nimefungiwa nini pale? Na kama lilikuwepo, mbona halikuandikwa? Mpaka leo nauliza, na sijapata wa kunijibu.

Tulipokata kona ya kuingia kijijini, tulikutana na vumbi. Ndani ya vumbi lile lilitoka shangingi jeusi, taa zote zimewashwa. Nilikanyaga breki na kuingia majanini. Likapita. Sikuhitaji kuambiwa ni lile lile.

Msibani watu walikuwa tayari wananawa mikono. Binamu yangu, mtoto wa marehemu, alitupokea huku akikwepa macho ya mama. Alieleza kwamba mheshimiwa mmoja alikuwa na kikao Tunduma, akaomba apite kutoa pole, lakini kwa kuwa ratiba yake ilibana, wazee walikubali mazishi yawahishwe. Huyo mheshimiwa ndiye aliyetangulia kutupa udongo, kwa heshima ya mgeni. Mzee mmoja aliyekuwa karibu akaongeza kwamba ndiyo dunia, mwenye nguvu mpishe. Nilimjibu kwa ukali kwamba wahenga walisema pia mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni, na kwamba siku hiyo tumenyongwa na haki hatukupewa. Hakupenda. Sikuwa na haja apende.

Mama aliuliza jambo moja tu.

"Huyo mgeni alimwitaje dada yangu?"

Binamu akataja jina la ubatizo. Hakuna mtu kijijini pale aliyewahi kumwita mama mkubwa kwa jina hilo, hata padri.

Mama alivua helmeti, akanipa. Akaenda mpaka kwenye tuta jipya lililofunikwa mashada, akayasogeza kidogo, akapiga magoti. Alichota udongo kwa mkono mmoja, akaumimina polepole upande wa kichwani. Kisha akazungumza na dada yake kwa Kifipa, kama walivyozungumza siku zote, na mimi niliyesimama nyuma nimeshika helmeti nilimsikia vizuri.

"Dada, nisamehe nimechelewa. Nilikuwa nampisha mgeni wako."