Laini Moja ya Bernadina

Miaka ile ya themanini mwanzoni, posta ya Karatu ilikuwa na laini moja tu ya simu ya kwenda Arusha, na mwenye laini alikuwa Bernadina wa Kansay. Serikali ilidhani ni yake, lakini serikali haikukaa kwenye kile kiti kutwa nzima na visikizi masikioni.

Laini moja, watu wengi. Bernadina akaweka sheria. Mtu mahututi kwanza, kisha ng'ombe mgonjwa, kisha hoteli. Salamu mwisho. Kila mtu dakika tatu, zikiisha Bernadina anachomoa waya. Paroko aliwahi kuchomolewa katikati ya baraka, akaimalizia barabarani.

Adui yake mkubwa alikuwa salamu. Mtu anatembea kutoka Endabash kuja kutangaza msiba, anaanza na hali ya mahindi, anapita kwa mashemeji wote, muda unakwisha na marehemu hajatajwa. "Sema shida!" Bernadina alikuwa akifoka. Na aliyekuja kuulizia tu mgonjwa wake, jibu lilikuwa lile lile: kuuliza hali ni salamu, kaa mwisho wa benchi.

Sasa Jumatatu moja binti yake Marsela alikuwa amelazwa Arusha, uzazi wa kwanza, uchungu tangu juzi na habari hakuna. Bernadina alikuwa roho juu. Waya wenyewe alikuwa ameushika mkononi. Lakini shida yake ilikuwa kuuliza hali, na sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Akajipanga mwisho kabisa, nyuma ya mwalimu aliyetaka kumsalimia mchumba. Watu wa benchi waliliona hilo, na sababu waliijua.

Zamu ikawa ya Moloimet, mzee mfugaji kutoka upande wa Ngorongoro. Kupe walikuwa wanamwulia ndama. Mwanawe Senteu alikuwa mlinzi wa hospitali ile ile aliyolazwa Marsela, na getini palikuwa na simu. Alitakiwa anunue dawa ya kuogeshea na kuipakia kwenye basi. Shida ya maneno machache.

Moloimet akaanza na salamu. Bernadina alikifahamu Kimaasai cha salamu vizuri sana, kwa kuwa kwa kawaida muda uliishia hapo. Alisikia mzee akiuliza afya, akiuliza kazi, akiuliza wakwe.

"Na binti wa mama wa simu?" akauliza Moloimet. "Yuko hapo kwenu. Anaendeleaje?"

"Sijui, baba. Ngoja nikaulize wodini."

Mkonga wa simu ukawekwa mezani kule Arusha. Hatua zikaenda. Laini pekee ya Karatu ikabaki haina neno, na Moloimet akasimama kwenye kibanda cha simu akiangalia ukuta, mtulivu, kama anayesubiri ng'ombe wanywe.

Muda ukaisha. Mkono wa Bernadina ukaenda kwenye waya kwa mazoea, ukakaa hapo hapo. Uliogopa kuvuta.

"Mama, dakika zake zimekwisha!" Huyo ni Clemensi, msimamizi wa hoteli, aliyekuwa akitafuta gari la Wajerumani wake tangu asubuhi. "Na wala haongei! Anafanya nini huyu mzee?"

"Anasalimia," alisema Bernadina.

Clemensi aliitazama benchi apate shahidi. Benchi ilikuwa inatazama dari.

Hatua zikarudi mbio. "Baba! Ni mtoto wa kike. Yeye na mama yake, wazima wote."

Bernadina alilia pale pale kwenye mitambo ya serikali, mbele ya watu aliowafokea miaka yote, na hakuona haya. Moloimet aliitikia taratibu, "Ee," bila kugeuka. Kisha akauliza kuhusu mvua.

Bernadina aliuachia waya, akafuta macho kwa kiganja, akasubiri mzee amalize habari za mvua, kisha za malisho, hadi afike mwenyewe kwenye ndama.