Kinachochanua Bustani ya Kati

Vyama vingine hufungua kikao kwa sala. Chetu kilifungua kwa maua. Tulikuwa wafanyakazi wa bustani na viwanja vya michezo vya umma mkoani Ruvuma, watu wa fyekeo na reki, na kabla ya ajenda yoyote mwenyekiti aliita vituo, kimoja baada ya kingine. Mwenye kituo alisimama, akataja mahali pake na kinachochanua hapo wakati huo, na sisi wote tukaitikia, "Itunzwe." Kituo kikiitwa kikakosa wa kuitika kilifutwa, wala hakikuitwa tena.

Wageni walituona hamnazo. Bwana mmoja wa ofisini aliwahi kuuliza kama hiki ni chama cha wafanyakazi au ni kwaya. Nilimjibu kwamba wanakwaya wana ahadi ya malipo mbinguni, sisi hata hiyo hatujapewa. Hakualikwa tena, na sikusikitika.

Mimi nilitunza kiwanja cha watoto kule Lizaboni, hapa Songea: bembea, mtelezo wa chuma uliokuwa ukichoma makalio saa za jua, na ua wa michongoma. Zamu yangu ikifika nilisema, "Kiwanja cha Lizaboni. Hakuna kinachochanua ila watoto." Wenzangu walicheka kila mwaka kana kwamba hawajawahi kulisikia neno hilo. Mume wangu alitunza Bustani ya Kati, jirani na soko, na huko ndiko maua yalikokuwa. Kulikuwa na kanna nyekundu na za manjano, mawaridi, bogenvilia nyeupe iliyopanda ukutani, na katikati mjakaranda mkubwa kuliko yote mjini. Nyumbani alikuwa mtu wa kumaliza sahani nzima ya ugali bila kumaliza sentensi. Lakini akiitwa kituo alisimama, akavua kofia, akaongea hadi mwenyekiti akohoe.

Ndipo zikaja zile siku za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa, mitumba ikatandazwa chini hadi barabarani, na malori ya kununua mahindi yakawa yanalala mji mzima. Sitasema uongo, nami nilifurahia sabuni. Ila halmashauri ikaambiwa ipunguze watu, na maneno yakaanza kwamba maeneo ya wazi yatagawiwa viwanja kwa wenye uwezo wa kuyaendeleza. Bustani ya Kati ilitajwa mapema.

Wafanyakazi wengine wangegoma, au wangetafuta mwanasheria. Sisi tulikwenda kufyeka. Huo ndio ujinga wetu, na sijui watu wengine ambao wangeufanya. Tulikubaliana kwamba mkutano wa mwaka ufanyike humohumo bustanini, wakubwa waalikwe, wajionee wenyewe thamani ya mahali. Wenzetu wa Tunduru walikuja juu ya malori ya korosho, wamejaa vumbi hadi kope. Mama mmoja aliyetunza bustani ya hospitali kule Mbesa alileta miche ya mawaridi ndani ya magunia yaliyoloweshwa. Kutoka Hanga ilikuja mashine ya kukatia majani, ya kuazima. Tulipaka mawe chokaa, tukachonga ua, tukapanda ukoka kila palipokuwa na upara. Tulipomaliza, hata mimi niliyeolewa na bustani ile niliiona mpya.

Wakubwa walikuja, na nyuma yao akaja mfanyabiashara mmoja wa mahindi ambaye hatukumwalika. Aliketi chini ya mjakaranda, akamuuliza mume wangu kama kivuli kile hufika hadi jioni. Mume wangu alifurahi kuulizwa. Alimweleza kwamba kinafika. Akamwonyesha upande ambao upepo wa milima ya Matogoro haupigi sana, kona isiyotuama maji, na bomba ambalo halijawahi kukauka hata mwezi wa kumi na moja. Alimzungusha bustani nzima akimtajia kila ua, kofia mkononi. Tulimpamba bibi harusi kwa mikono yetu, kisha tukampeleka mlangoni kwa bwana tusiyemjua.

Kabla ya mvua, eneo lilikuwa limekwisha kutolewa kwa yule wa mahindi, kujengwa baa. Mume wangu alipunguzwa kazini mwezi huohuo. Alirudisha fyekeo na reki akiwa amezisugua hadi zinang'aa, jambo lililoniudhi kupita kiasi, kwa sababu mimi ningezirudisha na kutu yake. Nilikwenda ofisini nikasema maneno ambayo padre aliyasikia baadaye katika kitubio. Nikaapa kwamba mtaa ule sitaukanyaga tena maishani mwangu. Na mimi nikiapa nimeapa. Tangu siku hiyo nikienda sokoni nilizunguka kwa nyuma, njia ndefu yenye kilima, ndoo au kikapu kichwani, na majirani wakaniona nimechanganyikiwa.

Mimi nilibakizwa kazini. Si kwa uhodari. Kiwanja changu kiko bondeni, mvua ikinyesha bembea zinaogelea, hakuna tajiri aliyekitaka.

Mkutano uliofuata mume wangu alikataa kwenda. "Nitasimama niseme nini?" aliuliza, na hakungoja jibu. Nilikwenda peke yangu. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee wa Tunduru aliyetunza uwanja wa mpira huko kwao, mtu wa utani ambaye hakuanza lolote bila bismillahi. Aliita vituo hadi akafikia cha mume wangu. "Bustani ya Kati, Songea?"

Watu wakaangalia miguu yao. Sijui nani aliyeninyanyua, nilijikuta nimesimama. "Ipo," nikasema.

"Inachanua nini, shemeji?"

"Mwenyewe hakunituma. Safari ijayo atanituma."

Mzee alinitazama kidogo, kisha akasema, "Itunzwe." Wakaitikia wote.

Nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu kituo chake kimeitwa, na wenzake wanataka kujua kinachochanua. Asubuhi yake alitoka mapema, akarudi na koti lililolowa ukungu, akaketi kwenye kigoda jikoni. "Bogenvilia," akasema. "Ile nyeupe ya ukutani. Mwaka huu imebeba sana."

Nilifurahi jinsi nilivyofurahi nilipozaa. Nikajisemea, kumbe tajiri ana akili kidogo, ameiacha miti, maana hata walevi hupenda kivuli. Tangu hapo alikwenda kila asubuhi. Akirudi ananiambia kanna zimefikia wapi, waridi lipi limechipua, wapi ukoka umeliwa na mchwa. Mtu ambaye hakuwa na kituo tena alirudi kuwa na maneno. Na mimi kila kikao nilisimama mara mbili, kwanza kwa watoto wa Lizaboni, kisha kwa Bustani ya Kati, na ile ya pili niliisema kwa sauti kubwa.

Mwaka mmoja alisema waridi jekundu lina kutu kwenye majani. Nililipeleka jambo hilo kikaoni. Tulilijadili kwa bidii, na yule mama wa Mbesa akasema achemshe tumbaku, maji yakipoa anyunyizie chini ya majani, si juu. Nilimfikishia mume wangu neno kwa neno. Alisikiliza kwa makini, akauliza tumbaku kiasi gani. Baada ya muda akaniambia limepona, limetoa hata tumba, nimfikishie mama yule shukrani. Nilizifikisha. Mama alinishika mkono akaushikilia kuliko kawaida. Nilidhani ni upendo tu.

Chama kilikuwa kinakonda. Huyu alipunguzwa, yule alihamia kwenye korosho, mwingine akafungua genge. Tulianza kukutana kwenye kibaraza cha ukumbi wa kanisa, kisha kwenye kiwanja changu, wazee wazima tumekalia mawe kando ya bembea. Majirani waliniuliza nafuata nini huko wakati hatupewi hata chai. Dada yangu aliniambia chama cha maua ni cha watu walioshiba. Niliwajibu kwamba mwenye kituo haachi kituo. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwendea mume wangu. Niliona nikiacha kusimama, naye ataacha kuamka.

Alikufa mwezi wa sita, kwa kifua, baridi ikiwa kali. Siku za mwisho kikohozi hakikumwachia nafasi ya maneno, lakini asubuhi moja alinivuta mkono. "Mjakaranda bado," akasema. "Hadi mwezi wa kumi. Usiutangulie kikaoni." Nilimwambia sitautangulia. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia akiwa na akili zake. Wapo wajane walioachiwa maneno ya mapenzi. Mimi niliachiwa hayo, na sibadilishani na mtu.

Mwezi wa kumi kikao kiliitishwa. Hapo ndipo nilipobanwa. Hakukuwa tena na mtu wa kuniletea habari za bustani, na sikutaka kusimama niseme jambo ambalo jicho halijaliona. Nikaamua kuvunja kiapo. Nilivaa kitenge kizuri, kama mtu anayekwenda kumtembelea mgonjwa. Njiani, upande wa bomani, mijakaranda ilikuwa imefumka na barabara imegeuka zambarau. Nikaharakisha. Nikasema moyoni, wetu utakuwa mkubwa kuliko hii.

Nilikuta ukuta wa matofali na geti la bati. Ndani kulikuwa na saruji, ukuta kwa ukuta. Kreti za bia zilikuwa zimepangwa palipokuwa mawaridi. Ukutani hapakuwa na bogenvilia, palikuwa na picha ya chupa. Nilitafuta mjakaranda kwa macho kama mtu anayetafuta mtoto sokoni, mpaka nikauona: kisiki, kimekatwa kwa usawa wa kiti, kimezungushiwa saruji.

Binti wa baa alikuwa anafagia. "Shikamoo mama. Hatujafungua."

"Marahaba. Huu mti ulikatwa lini?"

"Mimi nimeukuta hivyohivyo. Wanasema ulikatwa walipokuwa wanajenga, na maua yote." Akaegemea ufagio. "Kuna mzee mmoja alikuwa anakuja asubuhi, anakaa hapo kwenye kisiki. Hanunui kitu, hasumbui mtu. Tulimzoea. Siku hizi haonekani."

Nilikaa juu ya kisiki. Binti aliniletea maji kwenye glasi, akaniacha. Nililia mahali pale kuliko nilivyolia makaburini, na sikujali wapita njia. Nililia kwa ajili ya kanna, na waridi lililoumwa kutu likatibiwa kwa tumbaku, na ukoka ulioliwa na mchwa. Nilimkasirikia pia. Nilimkasirikia hadi meno yakauma. Miaka yote ile nilipanda kilima na kikapu kichwani, halafu yeye ananiletea maua kutoka kwenye saruji.

Siku ya kikao niliwahi kufika kiwanjani. Mwenyekiti alikuwa ameketi juu ya jiwe, ameshazeeka, fimbo kati ya magoti. Alikuwa ameshuka kwenye basi alfajiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba shemeji. Pole tena."

"Nimekwenda pale," nikasema. "Mlijua?"

Hakujifanya hajaelewa. "Nikishuka stendi ndiyo njia yangu."

"Wote mlijua?"

"Wa hapa mjini wote. Na mama wa Mbesa."

"Mkaniacha nisimame mbele yenu. Mkanipa na dawa ya tumbaku."

Aliangalia bembea. "Nilimkuta pale siku moja," akasema. "Nikamwambia, bwana, mkeo atakuja kujua. Akaniambia, 'Anazunguka mbali vile ili asipaone. Mwache awe na bustani yake nzima. Wallahi usimwambie.' Aliniapisha kwa dini yangu, shemeji, ili nisipate pa kutokea. Ningefanyaje?"

Mimi nilidhani nasimama ili yeye aamke. Yeye alikuwa anaamka ili mimi nisimame.

Wenzetu walifika, wachache, tukaenea kwenye mawe matatu. Mzee alisema bismillahi yake, akaanza kuita vituo. Vingi vilikosa wa kuitika. Alipofika Kiwanja cha Lizaboni nilisimama nikasema watoto wanachanua, na hakuna aliyecheka. Kisha akanyamaza, na nikaona anaiogopa zamu inayofuata kuliko ninavyoiogopa mimi. Angeweza kuiruka. Nadhani alikuwa ananiachia nichague.

"Ita, mzee," nikamwambia.

"Bustani ya Kati, Songea?"

Nilisimama tena. Mwezi wa kumi ulikuwa umefika, sikuwa nimeutangulia.

"Mjakaranda umechanua," nikasema.

"Itunzwe," wakaitikia.