Mkuu wa Shule Niliyemwachia Mwenzangu

Nianze na wivu, maana ndio uliofanya kazi yote. Wako watu wakisimulia mambo kama haya husema walikuwa wamechoka, au walikuwa watoto. Mimi nilikuwa na wivu, roho ya kwa nini kabisa, na aliyenitia wivu huo alikuwa jirani yetu, msichana wa rika langu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, katika kijiji kilicho kando ya reli upande wa Mpwapwa.

Tulifaulu kidato cha nne pamoja, tukachaguliwa kidato cha tano kwa tahasusi moja: Historia, Jiografia na Kiswahili. Mimi nikapangiwa shule ya bweni ya karibu, saa moja na nusu kwa bodaboda. Yeye akapelekwa kaskazini huko, kupita Kondoa, mabasi mawili na kulala njiani. Siku majina yalipotoka nilimwambia, "Pole mwaya, mimi nitakuwa narudi kula mlenda nyumbani." Nilisema kwa sauti ya huruma, ila moyoni nilikuwa nacheka.

Kicheko hicho kiliisha likizo ya Desemba.

Kwetu wanafunzi wa likizo hukutana mashineni, kwenye kusaga. Kila mama humtuma mwanawe na ndoo ya mtama au uwele, na umeme ukikatika hakuna anayerudi nyumbani, maana ukirudi unapoteza foleni. Tunakaa juu ya ndoo zetu kwenye kivuli cha ukuta na kusimuliana shule zetu. Tulikuwa na sheria yetu wenyewe: mwenye shule mbovu kuliko zote anasaga wa kwanza umeme ukirudi. Hukumu ilitolewa kwa kelele za wote.

Mmoja alisema mkuu wa shule yao alifunga maktaba kwa kufuli, akaenda masomoni na ufunguo. Mwingine akasema kwao viranja hawachaguliwi, wanateuliwa kufuatana na nani anamfulia mwalimu wa nidhamu. Tukamwonea huruma. Kisha nikasema mimi.

Mkuu wetu alikuwa na shamba la zabibu. Kila Jumamosi, na wiki nyingine hata Jumanne, tulipelekwa kupogoa, kufunga matawi kwenye waya na kubeba maji, na kwenye ratiba iliandikwa Elimu ya Kujitegemea. Bwenini tulikaa siku tatu bila kuoga, mizabibu yake ikinywa kila jioni. Ofisini humpati. Mhuri wa shule alitembea nao mfukoni, kwa hiyo mwenye shida ya ruhusa, hata ya kwenda zahanati, alimfuata shambani, na akifika alipewa mkasi kwanza. Alikuwepo msichana mwenye malaria aliyepogoa mistari miwili ndipo akagongewa mhuri.

Nilishinda bila kupingwa. Wengine walishika mbavu kwa kucheka.

Ikabaki zamu ya jirani yangu. Akasema, "Mimi sina cha kusema sana." Tukamlazimisha. Akafikiri, akasema kisima chao kiliharibika wiki mbili, na mkuu wao, mama mmoja mfupi, alihamia bwenini kwao mpaka fundi alipomaliza. Alikuwa anaoga kwa kopo moja kama wao. Basi. Wenzetu wakamzomea, wakamwambia hiyo siyo shida, akae mwisho wa foleni. Naye akacheka na kwenda kukaa mwisho.

Nilisaga wa kwanza. Nilirudi nyumbani na unga wa moto kichwani, roho inaniuma kiasi kwamba nilipitiliza bila kumwamkia mama mkwe wa kaka yangu, na nikasemwa kwa hilo jioni nzima. Kwa nini yeye? Darasani nilikuwa nampita. Baba yangu ndiye aliyekuwa na baiskeli ya kutupeleka sote shule ya msingi. Leo yeye ana mkuu wa kuoga naye kwa kopo, mimi nina mkasi.

Wiki ile ile akanieleza jambo lake. Alilelewa na bibi yake tu, na bibi alikuwa ameanza kupoteza macho. Alishaunguza mkono jikoni mara mbili. "Natafuta mtu wa tahasusi yetu tubadilishane shule," aliniambia. "Ningekuja kwenu hata kesho, niwe namwona kila mwisho wa mwezi. Ila huyo mkuu wenu namwogopa. Nikifeli Historia sitasomea ualimu, na nisiposomea ualimu bibi atatunzwa na nani?"

Nilimsikia vizuri. Sikupitwa na neno hata moja. Nilichowaza ni kwamba nafasi ya kutoka imekuja na kubisha hodi, na aliyeifungia mlango ni mimi mwenyewe kwa mdomo wangu mashineni.

Siku tatu baadaye umeme ulikatika tena. Tulipokaa tu, kabla zamu haijaanza, nikatangaza kwamba nimepigiwa simu na mwenzangu wa bwenini: mkuu wetu amehamishwa. Ameletwa mwingine kutoka Singida, mtu wa dini, na siku ya kwanza tu amepiga marufuku kwenda shambani. Nikaongeza kwamba mwalimu mpya wa Historia naye amefika. Nani aliniomba mwalimu wa Historia? Hakuna. Uongo ukishaanza kunoga unauongezea chumvi mwenyewe. Wenzangu wakanipongeza, wakanipeleka nyuma ya foleni.

Jioni alikuja nyumbani. Akaniuliza, "Kweli kaondoka?" Nikamwambia, "Sasa nikudanganye ili iweje?" Akainama kidogo, kisha akasema basi tubadilishane.

Fomu zilihitaji saini za wakuu wote wawili. Ya mkuu wa kule kaskazini aliifuata baba. Ya mkuu wetu nilijua ataifuata mjomba wake jirani yangu. Nilikosa usingizi kwa kuhofia kwamba mjomba atarudi na habari, lakini fomu zilirudi zimesainiwa na hakuna aliyeninyooshea kidole. Kabla sijasafiri, bibi alinikaribisha kwake, akanipapasa uso kwa ule mkono wenye kovu, akanishukuru kwa Kigogo kirefu ambacho nusu yake sikukielewa. Alisema nimemrudishia mjukuu wake. Akanipa karanga za kukaanga za kula njiani. Niliitikia, "Usijali bibi, ni kusaidiana." Nilisema hivyo, tena kwa heshima zote. Nikawa nalirudia neno hilo kwa watu wengine pia, kwamba nimemsaidia, mpaka mwenyewe nikaanza kuliamini.

Shule ya huko ilikuwa kama alivyosema. Maji yalikuwepo, walimu waliingia, yule mama mfupi alijua nani amekula na nani hajala. Ningetulia, sivyo? Wapi. Nilipewa kitanda cha jirani yangu, na wiki nzima wasichana walikuja kukaa kwenye kitanda hicho na kumtaja yeye. Alikuwa ndiye anayepanga zamu za maji, hakuna aliyegombana. Mkuu akanikabidhi kazi hiyo kwa kudhani tunaotoka kijiji kimoja tunafanana. Nikajipangia zamu nyepesi mimi na rafiki zangu wawili, na kufika mwisho wa mwezi watu wanatukanana kisimani. Mkuu aliniita, akaninyang'anya daftari la zamu kwa upole, akasema, "Mwenzako alikuwa anaanza kwa kujiandika yeye siku ngumu." Hilo liliniuma kuliko mikasi yote ya zabibu. Nilikuwa nimemnyang'anya shule, na bado shule ilikuwa yake.

Juni tukarudi nyumbani. Nilijua siku ya mashine inakuja, na njia ya mwongo ni fupi. Nilifikiria kujifanya naumwa, lakini mama hakuwa mtu wa kudanganyika wakati unga umeisha.

Umeme ulikatika saa nne asubuhi. Zamu ikafika kwa jirani yangu. Nikashika mshikio wa ndoo yangu nikingoja kuumbuliwa.

Akawaambia yule mkuu amerudi. "Alihamishwa kweli, lakini hakukaa huko hata wiki mbili," alisema, bila kunitazama. Halafu akaanza kusimulia. Alisimulia jinsi siku moja ya Jumanne wasichana walivyofika shambani, wakaketi chini katikati ya mistari ya mizabibu, kila mmoja na kitabu, wakasoma kwa sauti. Mkuu alipokuja kufoka, yeye ndiye aliyesimama na kumwambia, "Shikamoo mwalimu, leo ni kipindi cha Jiografia, tunasoma kilimo." Akaiga sauti ya mkuu, akaiga anavyopapasa mhuri mfukoni akikosa la kusema. Walipewa adhabu ya wiki nzima, ila tangu hapo kazi za Jumanne zikafutwa. Watu walicheka mpaka mwenye mashine akatoka kusikiliza.

Mimi nilifanya nini? Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa shida yangu mwenyewe niliyoikimbia. Miezi sita nilikaa kwenye mizabibu ile nikilalamika, na haikuwahi kunijia akilini kuketi chini na kitabu. Zamu yangu ilipofika sikuwa na cha kusimulia, nikakaa mwisho wa foleni.

Tulirudi pamoja, kila mtu na ndoo yake. Njiani nikamuuliza kwa nini amenifichia.

"Nikuumbue ili nipate nini?" alisema.

"Ungenikasirikia basi."

"Nilishakasirika Desemba." Akahamishia ndoo mkono wa pili. "Fomu niliipeleka mwenyewe na bibi, mjomba alikuwa na safari. Nilimkuta mkuu wenu huko huko shambani. Nikapewa mkasi, na bibi akakalishwa kwenye jiwe anisubiri."

Niliona aibu ikinishuka mpaka miguuni. Nikamuuliza kwa nini basi alikubali.

"Bibi alikuwa ameshafurahi. Ningemwambia nini? Na wewe ulikuwa unataka sana. Ungeniomba tu, mwenzangu. Ungeniambia nimechoka kule, nipishe. Ningekupisha."

Nikamwambia anisamehe. Akasema yameisha. Kisha, tulipokaribia kwao, akaniomba kitu kimoja. Mwalimu wao wa Historia alikwenda likizo ya uzazi tangu Februari na mkuu hakutafuta wa kushika nafasi yake. Walikuwa wanasoma wenyewe. "Niazime madaftari yako ya Historia nikopi likizo hii," alisema. "Hilo tu."

Nilikuwa na madaftari matatu. Mawili yalikuwa ya nukuu za darasani. La tatu ndilo lililokuwa na thamani: mwalimu wetu wa kule alitufundisha kujibu maswali ya mitihani iliyopita, swali kwa swali, aya kwa aya, akitusahihishia kwa wino mwekundu. Niliyatandaza yote kitandani. Nilijua anachohitaji ni kipi. Nilikaa pale muda mrefu nikimfikiria yeye amesimama shambani, wenzake wote nyuma yake, na yeye kwenye kitanda kile kule kaskazini, na bibi anavyolitamka jina lake. Nikajiuliza, na hili nalo nimpe? Anibakizie nini?

Nilimpelekea mawili.

Aliyapokea kwa mikono miwili. Alikopi usiku na mchana, bibi akiwa pembeni yake, na akayarudisha yamefunikwa kwa gazeti ili jalada lisichafuke. Hakuuliza kama kuna lingine. Nimewaza mara nyingi kama alijua, maana huyu alikuwa na tabia ya kujua na kunyamaza.

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, nilikuwa na B ya Historia. Yeye alipata S, ambayo haihesabiki kama ufaulu wa kumpeleka mtu kusomea kulifundisha somo hilo. Jiografia na Kiswahili alinizidi. Alikuwa wa kwanza kunipigia simu kunipongeza, kabla hata ya mama yangu, na nilipokata simu ile kitu cha kwanza nilichohisi, Mungu anisamehe, kilikuwa nafuu.