Oili Nyepesi na Kilima cha Ukweni

Nimeikwepa kuiandika hii tangu tuliporudi Mafinga, nimeandika habari za baridi, za mitihani, hata za kuku wa jirani wanaolala kwenye dirisha letu, lakini kila nikifungua ukurasa naisikia ile injini ikipiga kelele huku gari limesimama, na masikio yananiwaka moto nikiwa peke yangu chumbani, kwa hiyo bora niseme tu: ni mimi niliyevuruga safari ya kupeleka mahari ya kaka Beni, na nilivuruga kwa kutaka kusaidia.

Baba ana pikapu ya zamani ya dabo kebini, ya gia za mkono, anabebea mbao. Mara ya kwanza alipoenda Mbeya kupeleka barua ya posa kwa wazazi wa Atupele, mchumba wa Beni, alikuta wanakaa juu ya kilima ukishatoka Mwanjelwa, na pikapu ikapanda ile barabara ya vumbi kwa gia ya kwanza tu, ikihema. Aliporudi akawa anakunywa chai na kusema, "Safari ya mahari tutakuwa na mbuzi na gunia la mchele, sijui kama itapanda." Hakuwa ananiambia mimi. Ila mimi ndiye niliyesikia.

Sasa mimi (ambaye darasani siinui mkono hata jibu nikiwa nalo, mwalimu wa fizikia huwa anasahau kama nipo) nilikuwa likizo, nikachukua simu ya Mama nikaanza kuangalia video za magari, nikajifunza kwamba nguvu ya injini haifiki yote kwenye matairi, nyingine inaliwa njiani, kwenye gia boksi na kwenye beringi, na kwamba oili ikiwa nzito gia zinazunguka kwa taabu kama mwiko kwenye ugali wa watu wengi. Na kweli, asubuhi za mwezi wa saba hapa kwetu, baridi ile inayobabua majani ya viazi, gia ya pikapu yetu ilikuwa inataka mikono miwili. Nikaona jibu ninalo. Tuweke oili nyepesi, nguvu ifike.

Beni anajua spana, mimi najua nadharia, basi siku moja kabla ya safari yeye akalala chini ya gari na mimi nikachuchumaa pembeni nikimwelekeza. Ile oili nzito nyeusi tukaimwaga, tukajaza nyekundu, nyepesi kama chai ya rangi, ile ya gari za otomatiki. Beni aliuliza mara moja tu, "Una uhakika wewe?" Nikamjibu kwamba ile video ina watazamaji wengi sana. (Ndiyo hoja niliyotoa. Naiandika ilivyo.)

Asubuhi Baba akaingiza gia kwa vidole viwili. Akaitoa, akaiingiza tena, akacheka peke yake kama mtoto.

"Nani kaligusa hili gari?"

Beni akaninyooshea kidole. Mimi nilipangiwa kubaki na kuku, na nilikuwa nimeshukuru Mungu kwa hilo maana ukweni kuna kusalimia watu wengi, lakini Baba akasema fundi habaki, vaa uingie.

Tukaondoka, mbele Baba na mshenga wetu Mzee Mgaya (mzee wa koti la suti ambaye hata kuomba maji anaanza na utangulizi), nyuma Mama na mimi, na Beni kwenye bodi pamoja na mbuzi, mablanketi na gunia la mchele wa Madibira. Kabla ya Makambako Baba akalipita lori la mbao kwenye mlima, jambo ambalo pikapu yetu haijawahi kufanya, akapiga na honi.

"Umeona, Mzee Mgaya? Mwanangu kanipunguzia mzigo humu ndani."

"Huyu asiolewe mapema, huyu aende chuo," Mzee Mgaya akajibu, na mimi nikageukia dirishani ili wasinione ninavyotabasamu.

Tulipoipita Chimala, Mama akanusa hewa, akauliza nani anachoma kiatu. Baada ya hapo nikaanza kusikia injini inapanda sauti lakini miti ya pembeni haiongezi mwendo, na Baba akaacha kuongea, na mtu anayemjua Baba anajua hiyo ni dalili mbaya kuliko harufu. Mlima Nyoka tuliupanda kwa kujikongoja, malori yakitupita moja moja, na moja naapa lilikuwa lile la mbao.

Mwanjelwa tukafika. Kile kilima hatukukiweza. Katikati yake kabisa pikapu ikanguruma kama inataka kuruka, na haikwenda popote. Baba akakanyaga mafuta, ikalia zaidi, moshi ukatoka chini. Huko juu wanawake wa kwa kina Atupele, wote sare za kitenge, walishasikia gari wakatoka getini na vigelegele, kisha vigelegele vikakatika katikati, kimoja kimoja, mpaka akabaki mama mmoja tu ambaye nadhani hakuwa anaona vizuri.

Beni akashuka na mbuzi ili kupunguza uzito, akachungulia chini ya gari, akaniambia kwa sauti ndogo, "Nyekundu yako inadondoka." Mama akavua viatu. Tukaanza kusukuma, mimi kidevu kikiwa kwenye bampa, na ndipo baba yake Atupele mwenyewe, na suti yake, akateremka na vijana wake. Mzee Mgaya akamzuia kwa mikono miwili.

"Mkwe, tafadhali, hii si heshima."

"Heshima itafika, mzee. Tusukume kwanza."

Yaani tumefika ukweni tukisukumwa na wakwe.

Ndani tukakalishwa, upande wao na upande wetu, na msemaji wao alikuwa shangazi yake Atupele, mama mpana asiyeharakisha neno.

"Kamwene, watu wa Mafinga. Tulijiandaa kwa mahari, kumbe kuna gereji. Binti yetu akishikwa uchungu usiku huko kwenu, mtamsukuma?"

Upande wao wakacheka. Mzee Mgaya akaanza utangulizi wake wa uchovu wa safari, shangazi akamkata.

"Mimi nauliza matunzo. Gari la baba mwenye nyumba likiwa hivi, mke wa mtoto atatunzwaje? Labda mkajipange, mrudi siku nyingine."

Beni akainamisha kichwa. Pazia la chumbani likatikisika, nikajua Atupele kasikia yote. Sijui nani aliniinua, mimi nilishtukia tu nimesimama mbele ya wazee, mikono myeusi.

"Shikamooni. Gari linatunzwa. Niliyeliharibu ni mimi, jana."

Hapo ningekaa. Sikukaa. Nikaanza kueleza, nikafanya ngumi zangu kuwa gia nikazizungusha, nikawaambia oili nzito inavyokula nguvu, na kwamba sili za gia boksi yetu, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje, zimechakaa na ile nzito ndiyo ilikuwa haipiti, sasa nyepesi imepita ikalowanisha klachi, na klachi ikilowa inateleza, injini inazunguka bure. Mbuzi akalia nje na mimi nikaendelea.

"Nilitaka nguvu isipotee njiani," nikamalizia.

Baba yake Atupele akaniangalia. "Ikapotea yote?"

"Yote, baba."

Alianza yeye kucheka, kisha shangazi, na wa mwisho kabisa alikuwa Baba, kafunika uso kwa kofia. Shangazi akafuta machozi na khanga akasema aliyechelewa ana faini, na upande wetu tukajua ni kreti za soda kama kawaida.

"Faini ni huyu. Gari linabaki kutengenezwa, na fundi wake anabaki kunisaidia jikoni. Mkija kuchukua gari, mtachukua na yeye."

Mzee Mgaya alikubali bila utangulizi wowote. Mahari ikapokelewa, Beni akainua kichwa, watu wetu wakarudi na basi, na mimi nikabaki nikimenya ndizi kwa watu nisiowajua, kila mgeni akiingia naambiwa nisimame anione, "huyu ndiye wa oili." Mpaka wakaniletea blenda iliyokufa. Sikuigusa.

Pikapu ikawekwa sili mpya, klachi mpya, na oili yake nzito, na sasa inapanda kwa kuhema kama zamani, na mimi nimejifunza kwamba ile video ilisema kweli tupu, ila haikuwahi kuliona gari letu. Sifungui tena nati ya kitu kinachotembea, hasa kama kesho yake kuna watu wanatusubiri.

Harusi imefanyika. Tulipomfuata bibi harusi Mbeya, upande wao walikataa katakata Atupele apande pikapu, wakatoa gari lao, nalo la gia za mkono, na shangazi akakaa mbele. Nikataka kuingia siti ya katikati, karibu na gia.

"Wewe kaa nyuma kabisa," akasema, "na mikono iwe mapajani."

Nilikaa hivyo mpaka Mafinga.