Mapazia ya Mfaransa wa Kileleshwa

Nilikuwa na kibanda cha kushonea pale Kenyatta Market, katikati ya saluni mbili, miaka ile ya elfu mbili na kitu. Nilikuwa mjane mwenye watoto wawili. Siku moja akaja Mzungu mrefu mwenye mvi, akaniuliza kwa Kiswahili cha kukwamakwama kama naweza kushona mapazia marefu. Alikuwa Mfaransa, tajiri wa mambo ya benki na hisa, na alikuwa amemaliza kujenga nyumba Kileleshwa.

Nilipofika huko niliduwaa. Nguzo nyeupe za mawe, ngazi pana, na juu ya mlango pembetatu kubwa kama ya mahakama. Majirani walikuwa wanabomoa nyumba zao za zamani wajenge fleti. Yeye alikuwa amejenga jumba la karne nyingine.

"Mke wangu alizaliwa nyumba kama hii, Paris," aliniambia. "Hapendi kuja Kenya. Akiona hii, atakaa."

Nilishona kitambaa cha hariri rangi ya maziwa mpaka vidole vikafa ganzi. Mkewe akaja kweli. Lakini alikuja akiwa mgonjwa, na ugonjwa wenyewe alikuwa amemficha mumewe mpaka alipotua uwanja wa ndege.

Baada ya muda niliitwa tena. Mama yule alikuwa amelala kitandani, mwembamba, kitambaa kichwani. Mpishi wao ndiye aliyetafsiri.

"Anasema umeshona mapazia vizuri sana, lakini uyatoe. Anataka kuona miti."

Niliyatoa. Mume alisimama mlangoni akinitazama nikishuka kwenye ngazi ya mbao na ile hariri mabegani. Mkewe akageuza uso dirishani, akatabasamu. Sikumwona tena.

Mwili ulisafirishwa kwao. Aliporudi peke yake, Mfaransa alinipigia simu niende kuyarudisha mapazia yote na kuyafunga. Nilipomaliza, sebule ilikuwa na giza mchana kweupe. Alikuwa ameketi kwenye kiti kimoja kati ya viti vingi vilivyofunikwa mashuka.

"Mama, mpishi aliniambia bwana yako alikufa."

"Ndiyo, mzee."

"Inaisha lini?"

Nilitaka kumwambia yale wanayosema kanisani kwetu Waithaka, kwamba Mungu hufuta machozi. Ulimi ulikataa.

"Sijui, mzee. Mimi bado."

Aliinamisha kichwa, akalia kwa sauti, mtu mzima yule. Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye. Nami nikalia, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata siku ya mazishi ya mume wangu, kwa sababu ya wageni na watoto.

Aliiuza nyumba kabla mwaka haujaisha. Walioinunua waliibomoa, wakajenga fleti kama za wenzao.

Nilimwona mara moja tu baadaye, mjini, nilipokuwa nimeenda kununua uzi. Alikuwa kwenye mkahawa, peke yake, mbele yake kikombe kilichopoa. Nilidhani hatanikumbuka. Alisimama, akaninunulia chai, akauliza watoto wanasoma wapi. Nikamweleza. Mkubwa alikuwa amepita mtihani, nikaona amefurahi kikweli. Habari za nyumba hatukuzigusa. Tulipoagana alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, halafu akarudi kuketi.