Sufuria Tupu Hupata Abiria

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikifika katikati sitaki kukatizwa. Najua tuliorudi kutoka Uarabuni tuna visa vingi: huyu kaona jini bafuni, yule kaitwa kwa jina na paka. Vingine ni vya kweli, vingine ni vya kunogesha gumzo. Changu ni cha kweli. Kilinipata mchana kweupe, Riyadh, mtaa wa Malaz, ndani ya jiko la trela, na laiti ningekuwa mwongo ningefurahi kuliko wewe unayenisikiliza.

Nilikwenda Saudia miaka ile ambayo kila mtaa wa Mombasa ulikuwa na ajenti wake, na kila nyumba ina binti wa kupeleka. Kwetu tulikwenda wawili kwa ndege moja, mimi na mdogo wangu Saumu. Tuliposhuka Riyadh mimi nikachukuliwa na kafili wangu, tajiri aliyenidhamini, yeye akaunganishwa na ndege ya Jeddah. Tulikumbatiana mbele ya askari mpaka wakatuambia yalla, yalla.

Sasa nikwambie habari ya leso. Unajua leso huuzwa mbili mbili. Usiku wa kuondoka mama alitoa doti moja nyekundu yenye jina "Nani kama mama", akaikata katikati, kila mmoja akapewa kipande chake. Akatuambia, "Mkikutana huko, mziunge tena." Mama alikuwa mpishi wa arusi, si mtu wa maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kuhamisha masufuria kwa mkokoteni kutoka uwanja hadi uwanja, na alikuwa na miko yake. Mmoja ulikuwa huu: sufuria haisafiri tupu na kifuniko chake juu. Lazima itiwe konzi ya mchele. Tukimuuliza kwa nini, alisema, "Sufuria tupu hupata abiria." Tulikuwa tukimcheka hadi tunashika mbavu.

Nyumba niliyofanyia kazi haikuwa mbaya, nisiwasingizie watu. Madam alikuwa na kelele lakini hana roho mbaya. Mumewe, niliyemwita Baba, alikuwa mzee mstaafu, na kustaafu kulikuwa kumemtia kichaa cha safari. Akaamua kununua trela la kulala, lile refu kama nyumba, ambalo shingo yake hupanda mgongoni mwa pikapu. Likizo ya shule ikifika, tutakwenda nalo mpaka Jeddah. Aliposema Jeddah, mimi nilikuwa naosha vyombo. Niliacha bomba linatiririka nikamwendea. Nikamwambia, "Baba, mdogo wangu yuko Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah." Akaniambia, "Tukifika nitakupeleka kwa mkono wangu mwenyewe. Inshallah." Tangu siku hiyo sikuishi kwa jambo jingine.

Tulikwenda kulichagua pamoja. Yalikuwapo mawili yaliyompendeza Baba, na tofauti ilikuwa jiko. La kwanza lilikuwa na jiko katikati, lina meza pana ya kukatia mboga na makabati pande zote. La pili jiko lake lilikuwa nyuma kabisa mkiani, sinki chini ya dirisha kubwa. Madam anataka la kati, Baba anataka la nyuma, wakabishana mpaka muuzaji akaenda kunywa chai yake. Mwisho Madam akanigeukia. "Wewe ndiye utakayepika humo. Sema."

Nikasimama kwenye lile sinki la nyuma. Muuzaji, alikuwa amesharudi, akanionya kwamba jiko likiwa mkiani hurushwa sana njiani, vyombo hucheza ngoma. Lakini mimi nilikuwa nimeosha vyombo miaka miwili nikitazama ukuta. Nikaliona lile dirisha, nikajiona naosha vikombe na barabara yote ya Jeddah inanipita mbele ya macho, hadi kwa Saumu. Nikasema, "La nyuma." Baba akapiga makofi. "Halas! Mpishi kasema."

Njiani kurudi ndipo Madam aliponiambia kwamba trela likiwa linakwenda haruhusiwi mtu kukaa ndani. Sote tutapanda pikapu. Kwa hiyo nilikuwa nimepigania dirisha la kutazamwa na sufuria! Nilicheka peke yangu kiti cha nyuma. Usiku nikamtumia Saumu ujumbe wa sauti kumsimulia, nikamweleza na trela lenyewe, jeupe, limeegeshwa kiwanja kitupu nyuma ya nyumba yetu karibu na msikiti. Hakujibu. Sikushtuka sana. Simu yake ilikuwa ikizimika wiki nzima kisha inawaka, ndivyo alivyokuwa. Nikaendelea kumtumia.

Siku moja kabla ya safari nilipewa kazi ya kulipakia lile jiko. Tulikuwa tumeshakula cha mchana, nyumba nzima imelala, hata mtaa umelala. Kama hujawahi kuingia trela lililoegeshwa, ujue jambo moja: linatikisika. Ukikanyaga ngazi tu, lote linayumba kwa miguu yake na vijiko vinalia ndani ya droo. Madam akija kunichungulia, nilijua kabla hajatia kichwa.

Nikaanza. Vizito chini, vyepesi juu. Sahani nikazitenga kwa vitambaa, chini yake nikatandika mpira ili zisiteleze. Friji nikaibana milango kwa kamba. Vikombe vya kahawa vya Madam, vile vyembamba, sikujua nivifanyeje. Nikavua leso yangu ile ya mama kiunoni nikaanza kuvifunga kimoja kimoja, ikanishia vilipofika nusu. Nikaviacha. Sufuria kubwa ya kupikia kabsa, ule wali wao wa nyama, ilikuwa imebaki sakafuni, nikaifunika hivyo hivyo tupu, nikaisukuma ndani ya kabati. Nilichoka, mwenzangu. Nani angekumbuka miko ya mama?

Nikasikia, "Dada, waifunika tupu?"

Nikageuka. Saumu amesimama kwenye mlango wa jiko.

Jamani, niamini, sikuona mzuka. Nilimwona mdogo wangu, na baibui lake, na ile leso nyekundu begani, amekonda kidogo. Nilimrukia nikamkumbatia. Alikuwa wa baridi, lakini ilikuwa majira ya baridi na hata mimi vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alikuwa na harufu kama ya kabati lililofungwa siku nyingi.

"Umefikaje huku, Sau?"

"Nimekuja na watu wangu."

Watu wangu, kwetu sisi wafanyakazi, ni mabosi. Nikajua wamekuja Riyadh kutembelea jamaa. Nikamuuliza nyumba kaijuaje, akasema, "Si wewe uliniambia? Trela jeupe, karibu na msikiti." Nikafurahi kwamba kumbe ujumbe wangu aliusikia. Nikataka kumgombeza kwa kutojibu, nikaona aah, siku ya furaha hagombezwi mtu.

Akapiga magoti akaitoa ile sufuria, akaifunua. Akachota mchele kwenye gunia kwa mkono wake, akautia, akaifunika. "Mama angekuona leo!" akasema. Kisha akavua leso yake begani akavifunga vile vikombe vilivyobaki, anakunja kama mama alivyokuwa akikunja, ncha ndani, ncha nje. Na mimi, badala ya kumketisha nimtazame, unajua nilifanya nini? Nilishindana naye. Nikamwambia birika likae huku, yeye akasema hapana, huku litagonga mlango. Tukabishana juu ya vijiko. Tukabishana juu ya chupa ya mafuta. Nikamwambia, "Kumbe Jeddah wamekufundisha ujuzi!" Akatabasamu. Alinitazama sana siku ile, hilo nalikumbuka. Kila nilipoinua kichwa nilimkuta ananitazama.

Nikamwekea chai. Hakuigusa. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema, "Niliumwa. Nimepoa." Nikamwambia, "Basi mengine tutaongea Jeddah, keshokutwa niko huko, tutakaa tuseme mpaka tuchoke." Akasema, "Mama mwambie nimefika salama."

Nikamjibu, "Mwambie mwenyewe, mdomo unao."

Nikakimbilia ndani nyumbani kumletea mkate na tende. Niliporudi hayupo. Makabati yote yamefungwa, chai yake imefanya utando juu. Nilikasirika kidogo kwamba hakuniaga, nikajua mabosi wake wamempigia kelele. Kisha nikapanda ngazi, trela likayumba, vijiko vikalia. Nikasimama na mkate wangu mkononi. Saumu alipoingia, hakuna kijiko kilicholia.

Nililifukuza hilo wazo. Niliogopa hata kulimaliza.

Tukasafiri. Jangwa, malori, vituo vya mafuta, jangwa tena. Kila tulipopumzika Baba alikwenda mkiani kuchungulia jiko, akirudi anacheka: hata kikombe kimoja hakijapasuka, hata mlango mmoja haujafunguka. "Mpishi wetu ana baraka," akasema. Madam mwenyewe, ambaye sifa kwake ni ngumu kama jiwe, akasema nimefanya kazi nzuri. Nikamwambia nilisaidiwa na mdogo wangu. Akanitazama akasema, "Mdogo wako gani? Nilikuwa dirishani mchana ule, usingizi ulinipaa. Nilikuona peke yako unaongea, nikadhani unaongea na simu."

Toka hapo mpaka Jeddah sikumeza kitu.

Baba aliliegesha trela kwa nduguye, akatimiza ahadi yake, akanipeleka Al-Rawdah, nyumba aliyofanyia kazi Saumu. Akafungua mlango bibi mmoja mzee, mama wa nyumba ile. Baba alipomwambia mimi ni nani, yule bibi alijifunika uso kwa shela. Akatuketisha, akatuma mtu jirani. Akaja mama mmoja wa makamo, Bi Zuhura, wazee wake walitoka Unguja zamani baada ya mapinduzi, na Kiswahili chake ni kilekile cha kwao. Akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, mdogo wako hatunaye. Homa ilimpanda, wakampeleka hospitali, hakufika hata usiku wa pili. Ajenti walipigiwa simu wee, haipokelewi. Simu yake mwenyewe imejifunga, hapana aliyejua namba yake ya siri. Nilimkosha na kumvika sanda kwa mikono yangu hii, wallahi hakuzikwa kama mtu asiye na kwao."

Nikauliza lini. Akaniambia. Zilikuwa siku zile nilizokuwa nikipigania dirisha.

Akaendelea, analia naye. "Nina jambo la kukutaka radhi. Alikuwa na kanga yake moja, nyekundu, haachani nayo. Wakati wa kumkosha nilimsitiri nayo. Baadaye nikaifua, nikasema nitaiweka, wenyewe wakija niwape. Juzi mchana nimeianika uani, kwenda kuianua haipo. Nimeitafuta mpaka kwa majirani."

Sikumbuki kuaga. Nakumbuka Baba ananishikilia bega, na mimi nafungua kabati la jiko mkiani mwa trela. Vikombe vilikuwa vimelala kama vilivyolazwa. Nusu vimefungwa kwa leso yangu. Nusu vimefungwa kwa leso yake, ncha ndani, ncha nje. Nikaifungua nikaitia usoni. Ile harufu niliyoiita ya kabati ilikuwa karafuu maiti, anayopakwa mtu akishakoshwa. Ndani ya sufuria ya kabsa mlikuwa na konzi ya mchele, na konzi ile ilikuwa ndogo. Saumu alikuwa na mikono midogo.

Nilikaa sakafuni mpaka adhana. Baba, Mungu amlipe, alikaa ngazini akiwa amenipa mgongo, akazuia watu wasiingie. Asubuhi alinipeleka makaburini, tukasimama nje ya ukuta, maana huko wanawake hawaingii, nikasoma Fatiha nikiwa sijui ni lipi lake. Nilikuwa nimechagua lile jiko ili nione njia ya kwenda kwake, na yeye ndiye aliyeijua njia ya kuja kwangu.

Mkataba ulipokwisha nilirudi Mombasa. Habari ya msiba nilikuwa nimeshampa mama kwa simu, lakini ya leso niliingia nayo mkononi. Nikamwambia, "Saumu alisema nikwambie amefika salama." Mama alizichukua leso zote mbili, akanusa moja, akaiweka magotini. Hakuuliza nimeipataje. Aliomba sindano, akaziunga katikati, mshono mmoja mrefu usionyooka kwa sababu macho yalikuwa yamejaa. Analala nayo hadi leo. Mimi siwezi kufunika sufuria tupu, na nikisikia vijiko vinalia ndani ya droo, moyo hunishuka kwa raha, kwa sababu najua aliyeingia ni mtu aliye hai.

Basi sikiliza, wewe mwenye ndugu ng'ambo. Akinyamaza usijiambie simu yake ina tabia. Tafuta jirani, tafuta bosi, piga kelele, uonekane mshamba. Na siku akikutokea mlangoni bila hodi, hata kama una kazi ya kufa mtu, acha vyombo vivunjike. Mketishe. Mtazame. Muulize alilala wapi, nani alimpa maji. Mimi nilipewa mchana mzima na mdogo wangu, nikautumia kubishania chupa ya mafuta ikae wapi, nikamwambia mengine tutaongea Jeddah.