Muhula Ambao Basari Haikuja

Mama yangu ndiye aliyeanza, Mungu anisamehe kwa kumsema. Serikali ilipompa mdogo wangu basari ya kusomea ukunga Kenya, alichinja mbuzi, akaita nusu ya mtaa wetu wa Munuki, hapa Juba, kwa maombi ya shukrani, akatangaza kwamba nyumba yetu imepata daktari. Mdogo wangu akamrekebisha, "Mkunga, Mama." Wapi! Amani ilikuwa bado changa, watu wana njaa ya habari njema, na Mama si mtu wa kupunguza yake.

Kisha basari ikakatika. Hakuna aliyetueleza sababu. Chuo kikamfukuza kwa kukosa karo, akarudi Juba na sanduku lake la bati, masomo yako katikati. Mimi nilikuwa nafanya kazi benki mjini, na mapumziko yangu ya mchana yaliishia kwenye ile ofisi ya basari. "Pesa iko njiani, dada. Rudi wiki ijayo." Karani wa pale alinijibu huku anakunywa chai. Nilitamani kummwagia.

Nyumbani, Mama aliona aibu. Mbuzi alishaliwa, sasa watu angewaambia nini? Jirani akiuliza, anajibu, "Amemaliza, anangoja kupangiwa hospitali." Mdogo wangu alimsihi aache, hata akalia. Hakuacha.

Jumamosi moja jirani yetu wa nyuma akashikwa na uchungu. Watoto wake wengine aliwazalia hospitali, lakini safari hii mumewe hakuhangaika kutafuta gari. Alimleta kwetu akimshika mkono, anatabasamu kabisa.

"Mama, daktora yenu iko?"

Mdogo wangu akawaambia waende hospitali, yeye bado ni mwanafunzi. Yule bwana akacheka, akidhani anajishusha tu. Mama alikuwa ameshatandika kitanda.

Mtoto alitoka salama, msichana, analia kwa nguvu. Tukapiga vigelegele. Halafu damu ikaja, na haikukoma. Mdogo wangu alizibaziba kwa matambara, kisha akaniangalia, nami nikajua kwamba hajui la kufanya. Nilitoka mbio kutafuta gari. Tulipopata pikapu, njia ilikuwa tope tupu, na yule mama akakata roho mapajani mwa mumewe kabla hatujafika kwenye lami. Mumewe hakututukana. Alikuwa anarudia tu, "Lakini daktora ilikuwa hapo."

Basari ilitoka mwezi uliofuata, bila hata samahani. Mdogo wangu hakutaka tena kurudi chuoni. Nilimpandisha basi kwa kumfokea, na Mama hakutoka nje kumuaga.

Siku chache baadaye alinipigia simu. Alilia mpaka nikadhani wamemfukuza tena.

"Dada, leo tumefundishwa damu ya baada ya kuzaa. Unaanza kwa kukanda tumbo. Kwa mikono tu, dada. Na mikono nilikuwa nayo."